Ni sindano ya kushonea, sio geti

Yesu alisema ni rahisi ngamia kupenya tundu la sindano kuliko tajiri kuingia ufalme wa Mungu, na wapo wanaosema hilo tundu lilikuwa geti. Hapana ndugu, Yerusalemu haikuwa na geti dogo linaitwa Tundu la Sindano ambalo ngamia anapita akipiga magoti na kushushwa mzigo, hakuna maandishi ya wakati wa Yesu yanayolitaja wala wachimbaji hawajalikuta, hiyo stori imekuja kuonekana kwa wafafanuzi wa zama za kati, mamia ya miaka baadae. Kwenye Marko 10:25 neno la Kigiriki ni sindano hii hii ya fundi cherehani, Luka 18:25 katumia neno jingine lakini nalo ni sindano tu. Na soma mstari wa 26 pale Marko, wanafunzi walishangaa mno wakauliza nani basi ataokoka, sasa kama ni geti la kuinama tu wangeshangaa nini?? Yesu akawajibu kwa wanadamu haiwezekani ila kwa Mungu sivyo.

Kitu kimoja tu, kuna nakala chache za Kigiriki zina neno la kamba nene ya meli badala ya ngamia, maneno yanatofautiana herufi moja, ila sie wa Tanga kamba za majahazi tunazijua, nayo haipiti kwenye sindano.

Mimi nilifundishwa hilo geti Sunday school hapa Ngamiani na nikalibeba miaka, inaniuma kwa kweli maana linamwambia tajiri apunguze mzigo kidogo wakati yule kijana tajiri aliyemwendea Yesu, kabla tu ya maneno haya, aliambiwa auze vyote awape maskini.