Mwalimu ananiuliza: mtumiaji yuko wapi?

SWALI: Shikamoo. Nasoma teknolojia ya habari, mwaka wa pili. Mradi wangu ni programu ya simu ya kuazima vitabu maktabani. Nimechora kurasa zote kwenye kompyuta na wenzangu wanazisifu, lakini mwalimu amenirudishia kazi akiwa ameandika tu: “Mtumiaji yuko wapi?” Nianzie wapi, nami sina vifaa wala fedha?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Funga kompyuta kwanza, ukakae maktabani. Mtazame mtu anayetafuta kitabu tangu anaingia mpaka anatoka: anamwendea nani, anaandika nini pembeni, anakata tamaa wapi. Usimwulize angependa programu iwe na nini, maana watu huomba kile wanachokijua tayari. Mwulize mara ya mwisho alipoazima kitabu mambo yalikwendaje. Hapo ndipo utasikia habari za kitabu ambacho kwenye orodha kipo, rafuni hakipo.

Kisha chora kwa penseli, kila ukurasa wa programu kwenye karatasi yake. Mpe mtu kazi: “Unahitaji kitabu cha kemia kabla ya kesho.” Usiseme “bonyeza Tafuta”, kwa sababu ukishataja neno lililo kwenye kitufe umempa jibu. Akigusa kitufe, wewe badilisha karatasi. Mwombe aseme kwa sauti yote yanayompitia kichwani. Njia hii ya kusema kwa sauti, mtafiti wa kompyuta Clayton Lewis aliileta kwenye usanifu wa programu mwaka 1982, na hadi leo sijaona iliyo rahisi kuizidi.

Na wewe unyamaze. Hili ndilo gumu kuliko yote. Atakwama, na kidole chako kitataka kumwonyesha. Kizuie. Akiuliza, “Nibonyeze hapa?”, mjibu, “Wewe mwenyewe ungefanyaje?” Pale alipokwama pana kasoro ya mchoro wako, si ya akili yake. Inaniuma kila nikimsikia msanifu akisema watu hawajui kutumia alichotengeneza. Mtaalamu wa usanifu Donald Norman alilieleza jambo hili vizuri mwaka 1988: watu wakiusukuma mlango unaopaswa kuvutwa, mwenye kosa ni mlango.

Wenzako wa darasani waache. Wanakupenda, na programu wameshaizoea. Tafuta ambaye hajawahi kuiona, na usimsahau mkutubi, kwani naye ni mtumiaji, tena wa kila siku. Jakob Nielsen, mtaalamu wa kujaribu programu na watumiaji, alishauri mwaka 2000 kwamba watu 5 kwa awamu wanatosha kufichua matatizo mengi. Rekebisha, kisha ujaribu na wengine 5. Kundi la mkutubi lihesabu peke yake, kazi zao ni tofauti.

Kwenye ripoti ambatisha michoro yote, hata uliyoitupa, na kando ya kila badiliko andika mtu alikwama wapi. Majina yao usiyaweke, na kabla ya kumrekodi yeyote omba ruhusa.