Ukiangalia klabu bingwa ya dunia ya voliboli, usiufuate mpira

Desemba mvua ikishakolea huku Mbeya, kiwanja chetu cha Uyole kinakuwa tope tupu na mazoezi yanasimama, na mara nyingi huo ndo mwezi klabu bingwa ya dunia ya wanawake inachezwa. Basi mabinti ninaowafundisha tunachanga bando tunaangalia pamoja. Mashindano yakiwa Uturuki saa zao ni sawa na zetu, China wametuzidi masaa matano kwahiyo mechi zao za jioni kwetu ni mchana, Brazil ndo mtakesha.

Sasa dada unayecheza, au mwalimu unayeandaa timu ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, nakuomba acha kumkodolea macho mpiga smashi. Najua ni ngumu, Paola Egonu, yule mpiga smashi wa Italia, akiruka nani atatazama kwingine? Ila ile smashi imeanza kupikwa nyuma kabisa, kwa aliyepokea.

Tafuta fainali ya 2024 pale Hangzhou, Conegliano ya Italia walivyowafunga Tianjin ya China seti 3-0. Macho weka kwa Monica De Gennaro, libero wao, yule mwenye jezi ya rangi tofauti. Siyo mrefu kabisa ukimlinganisha na wenzake, na libero haruhusiwi hata kubloku, yaani kuruka kuzuia smashi pale kwenye neti, kazi yake ni kupokea mipira pale chini. Mpinzani akienda kuanzisha mpira yeye ameshainama, mikono ameiachia haijashikana, anasogea kwa miguu kwanza, mikono inaungana mwishoni kabisa na mpira unapanda taratibu mpaka kwa seta, yule anayemwandalia mpira mpiga smashi, ambaye wala hahitaji kukimbia. Rudisha nyuma uangalie tena na tena! Mabinti zetu wengi wanafunga mikono mapema halafu wanasimama wima wanasubiri mpira uwafate, hapo pointi imeshaondoka.

Na asikudanganye mtu kwamba haya ni ya Wazungu, KCB ya Nairobi walibeba ubingwa wa vilabu Afrika 2022, hapo jirani tu.

Mvua ikikatika hata kidogo tokeni nje, neti siyo lazima. Weka beseni kubwa pale anaposimama seta, mmoja anarusha mpira kutoka mbali mwenzake anapokea, lengo mpira utue kwenye beseni, na akiunganisha mikono kabla hajasogeza miguu anaanza upya kuhesabu.