Talaka Haifuti Deni la Kodi Mlilotia Sahihi Pamoja

Hukumu yetu ya talaka ilisema waziwazi kwamba malimbikizo yote ya kodi yangelipwa na aliyekuwa mume wangu, kwa kuwa yalitokana na biashara yake. Barua ya madai ilikuja kwa jina langu hata hivyo, na kisheria haikuwa na kosa lolote.

Nchini Marekani, ambako mume na mke huruhusiwa kuwasilisha ritani moja ya kodi, yaani fomu ya kutangaza mapato ya mwaka na kodi yake, kila aliyetia sahihi huwajibika kwa deni lote, wala si kwa nusu yake. Mamlaka ya mapato, yaani IRS, inaweza kumdai yeyote kati yao, hata yule ambaye hakuingiza senti mwaka huo. Hukumu ya talaka huwafunga watalaka wawili tu. IRS hawakuwa upande katika kesi hiyo, na hakimu wa ndoa hana mamlaka ya kuwaamuru wamdai nani. Kinachobaki mkononi mwako ni haki ya kurudi mahakamani kudai urejeshewe ulichomlipia mwenzako, haki ambayo ina thamani pale tu mwenzako anapokuwa na kitu cha kurejesha.

Kwa sababu hiyo, aliye bado katika mazungumzo ya talaka namshauri ahakikishe kodi inalipwa kabla ya mali kugawanywa. Nyumba ikiuzwa, au akaunti ya pamoja ikifungwa, deni litolewe humo kwanza, hata kama hilo litarefusha mabishano. Mtu aliyekwisha kuchoka na ndoa hufurahi kusikia “atalipa yeye”, na mawakili wa ndoa, ambao wengi wao si wataalamu wa kodi, huandika hivyohivyo na kufunga faili. Ikiwa fedha hazipo, mkataba utaje kila mwaka wa kodi unaohusika, kiasi kinachodaiwa, tarehe ya kulipa, atakayebeba riba na adhabu, na fidia pamoja na gharama za wakili endapo aliyeahidi atashindwa. Msisahau pia madeni ambayo bado hayajazaliwa, kwani kwa kawaida IRS wana miaka 3 tangu ritani iwasilishwe kuikagua na kuongeza kodi, na ukaguzi huo unaweza kuwakuta mmekwisha kuachana.

Aliyekwisha kuachana aanze na anwani. IRS hutuma barua kwa anwani ya mwisho wanayoijua, na notisi iliyotumwa huko huhesabiwa kisheria kuwa imefika, hata kama anayeipokea ni mtalaka wako na anaitia kwenye droo. Fomu 8822 ndiyo ya kubadili anwani. Kisha waombe IRS taarifa ya akaunti yenu ya kodi kwa kila mwaka mliowasilisha ritani pamoja, ili ujue kiasi halisi badala ya kutegemea unachoambiwa na mwenzako. Wakati mnabishana, adhabu ya kuchelewa kulipa huongezeka kwa asilimia 0.5 ya kodi kila mwezi hadi kufikia asilimia 25, na riba huenda juu yake.

Sasa nije kwenye nafuu yenyewe, ambayo huombwa kwa Fomu 8857 chini ya utaratibu uliowekwa na sheria ya mwaka 1998. Jambo lililonisaidia zaidi ni kutenganisha miaka yetu miwili yenye deni, kwa sababu haikuwa ya aina moja. Katika mwaka wa kwanza, sehemu ya mapato ya biashara haikutajwa kabisa kwenye ritani. Katika wa pili, kodi ilitajwa sawasawa lakini haikulipwa. Kwa deni la aina ya kwanza zipo njia mbili mahususi. Njia moja humwondolea kodi hiyo mwenzi ambaye hakujua, wala hakuwa na sababu ya kujua, kwamba ritani ina upungufu. Nyingine huligawa deni kati ya watalaka, kila mmoja abebe lililotokana na mapato yake, na hiyo huzuiwa iwapo itathibitika kwamba ulijua kweli kuhusu mapato yaliyofichwa. Tofauti kati ya kujua na kupaswa kujua ni kubwa kuliko inavyosikika, hasa kwa mtu aliyeishi na mfanyabiashara na kuona gari jipya uani. Mimi niliomba deni ligawanywe, nikakubaliwa.

Mwaka wa pili haukuwa na njia hizo, kwa kuwa ritani yenyewe ilikuwa sahihi. Ilibaki nafuu inayotolewa kwa kupima haki: je, ulipotia sahihi ulikuwa na sababu ya kuamini kwamba mwenzako angelipa, je, kulipa kutakutia katika dhiki, je, kulikuwa na unyanyasaji ndani ya ndoa? Ombi langu hilo lilikataliwa, nami naona uamuzi ule ulikuwa na mantiki, kwa kuwa barua pepe zetu zilionyesha kwamba nilifahamu fedha hazikuwepo.

Njia mbili za kwanza zina ukomo wa miaka 2 tangu IRS wachukue hatua ya kwanza ya kukudai wewe. Ya tatu huweza kuombwa maadamu muda wa kukusanya deni, ambao kwa kawaida ni miaka 10, haujaisha. Lazima mtalaka wako ataarifiwe na apewe nafasi ya kujieleza, ingawa anwani yako mpya na mwajiri wako havitajwi kwake. Uamuzi wa mwisho usipokuridhisha, una siku 90 za kufungua shauri katika mahakama ya kodi.

Kwa mwaka uliobaki niliomba kulipa kwa awamu, na ninalipa kutoka akaunti yangu binafsi, kila malipo yakiandikwa mwaka wa kodi unaohusika. Risiti hizo ndizo wakili wangu atakazoambatanisha tutakapoomba mahakama iliyotoa talaka imwamuru arejeshe.