Diski imetoa onyo: nianze na kipimo au nakala?

SWALI: Shikamoo fundi. Kompyuta yangu ya mkononi ina miaka 6 na bado inatumia diski ile ya zamani, ya kuzunguka. Wiki hizi mbili inaganda kila nikifungua folda ya mahojiano ya tasnifu yangu, na juzi nilisikia mlio wa tik-tik mara mbili. Nimeweka CrystalDiskInfo, programu ya kusoma afya ya diski. Alama imekuwa ya njano. Mstari wa 05 una sifuri tupu, ila wa C5 umeandikwa 000000000018. Mwenzangu anasema niendeshe chkdsk /r, ile amri ya Windows ya kukagua diski, usiku kucha, itaitengeneza. Niiendeshe?
Mwanafunzi wa uzamili

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiiendeshe, angalau si leo. Chukua diski ya nje, nakili tasnifu yenyewe kwanza, halafu mahojiano, ndipo urudi tuendelee kusoma.

Umerudi? Vizuri. Sasa tuangalie hiyo 18, maana si kumi na nane. Programu hiyo, usipoibadilisha, huandika hesabu kwa mfumo wa kumi na sita: ile 1 ni kumi na sita, ongeza 8, kwa hiyo hapo una sekta 24. Sekta ni kipande kidogo sana, baiti 512 au 4,096, na 24 ni tone tu katika diski nzima. Kinachonitia wasiwasi ni maana ya C5. Hizo ni sekta ambazo diski ilijaribu kuzisoma ikashindwa. Haiwezi kuweka nyingine ya akiba mahali pake kwa sababu haijui ndani kulikuwa na nini, basi inangoja: ama isomeke siku moja, ama uandike kitu kipya juu yake. Mstari wa 05 huhesabu zile ambazo tayari zimebadilishwa. Kwako ni sifuri kwa kuwa hakuna iliyobadilishwa bado, na nimeona watu wengi wakiitazama sifuri hiyo wakalala usingizi. Kule kuganda nako kunaelezeka hapo hapo: diski inarudia kusoma sehemu ile ile, mara na mara tena, na kompyuta yote inaisubiri. Huenda baadhi ya sekta hizo zimo ndani ya faili zako za mahojiano.

Mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha walichokiona katika diski zaidi ya 100,000. Diski iliyopata sekta ya kusubiri, kama hizo zako za C5, kwa mara ya kwanza ilikuwa na uwezekano mara 16 zaidi wa kufa ndani ya siku 60 kuliko isiyo nayo. Ndiyo maana sikutaka ungoje hata usiku mmoja.

Mwenzako ana nia njema, lakini chkdsk kazi yake ni kunyoosha mpangilio wa faili. Diski inayougua haiponyi. Ukiongeza /r inapita kila sekta, hata sehemu zisizo na kitu, kwa saa nyingi, na isichoweza kukisoma inakiacha. Unaichosha diski kabla hujatoa mali yako.

Unaponakili, usiburute kila kitu kwa mkupuo. Folda moja moja, na faili ikikwama iruke, utairudia mwisho. Zikibaki faili ngumu, mtu anayeijua Linux akusaidie kutumia ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu: huchukua kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, huandika ramani ya zilizogoma, kisha huzirudia hizo peke yake. Ile tik-tik ni kichwa cha kusomea kinachorudi kutafuta njia yake. Ikiwa ya mfululizo, au diski isipoonekana kabisa, zima na umpelekee mtaalamu wa kuokoa data. Usiifungue, tafadhali, vumbi kidogo tu linatosha kuiharibu.

Nakala zikishatimia na umezifungua kuhakikisha, hapo pima utakavyo. Mimi ningetumia amri ya smartctl -t long, inayoanzisha kipimo ambacho diski hujifanyia yenyewe ndani kwa ndani. Ukiifuta diski yote kwa kuandika juu yake, C5 inaweza kushuka hadi sifuri. Ikiwa 05 imepanda, sekta zilikuwa mbovu kweli. Isipopanda, huenda uandishi ulikatizwa tu, kwa mfano umeme ulipokatika. Hata hivyo, kwa diski iliyokwisha kupiga tik-tik, mimi singeirudisha kazini.

Na usije ukaiamini mno rangi ya buluu ya diski mpya, ile ambayo programu hiyo huitumia kusema diski ni nzima. Diski yangu ya kazi ilikuwa ya buluu jioni, asubuhi haikuwaka. Niliandika humo kila hitilafu niliyowahi kutengeneza kwa miaka 3, na sikuwa na nakala. Bado naumia nikikutana na kosa ninalojua nililitatua zamani. Katika utafiti ule ule wa Google, zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha chochote katika vipimo vinne vyenye nguvu zaidi. Njano ni ya kuaminiwa, buluu ni ya kushukuru tu.

SWALI: SSD yangu ya NVMe (diski ya kisasa isiyozunguka) inaonyesha kwamba asilimia 30 imetumika. Je, imejaa, au inakufa?
Msomaji

JIBU: Si kujaa, ndugu yangu. Ni kipimo cha uchakavu: kinaanzia 0 na kupanda kadiri unavyoandika data. Ikifika 100 umemaliza uandishi ambao mtengenezaji aliukadiria. Diski huweza kuendelea kufanya kazi baada ya hapo. Ila angalia programu unayotumia, kwa sababu nyingine huonyesha kilichobaki, na 30 ya namna hiyo ni habari nyingine kabisa. Tazama pia akiba iliyobaki, yaani sehemu za ziada za kuchukua nafasi ya zilizoharibika. Ikishuka chini ya kikomo ilichojiwekea diski yenyewe, agiza nyingine wiki hiyo hiyo.