Mtaalamu wa Maabara na Sindano ya Urembo

SWALI: Mheshimiwa mhariri, ninabangua korosho hapa Newala, na mafuta ya ganda yameniachia mabaka meusi mikononi na kwenye shavu moja, ambalo huwa nalipangusa bila kukumbuka. Kijana mmoja mwenye shahada ya sayansi ya maabara ya tiba amefungua chumba cha urembo mjini, na cheti chake amekitundika ukutani. Anasema atanichubua kwa asidi, kisha atanidunga sindano za glutathayoni, dawa ya kung'arisha ngozi. Je, kazi hii ni yake?
Mbanguaji, Newala

JIBU: Dada yetu, cheti hicho nakiheshimu, kwa kuwa mwenye nacho amesomea damu, vijidudu na kemia ya mwili, na bila shaka anajua kutakasa vifaa kuliko wengi wanaoshika nyuso za watu saluni. Hata hivyo, usajili wa maabara humruhusu kuchukua sampuli, kuipima na kutoa majibu. Kutambua ugonjwa wa ngozi na kuuchagulia dawa ni kazi ya tabibu. Huenda amesikia habari za Brazili, ambako wahitimu wa biomedisini, fani inayokaribiana na yake ya maabara, wana baraza lao, nalo mwaka 2011 liliwakubalia wenye mafunzo ya ziada kufanya tiba za urembo, jambo ambalo madaktari wa huko walilipinga hadi mahakamani. Ruhusa hiyo ni ya Brazili.

Ganda la korosho lina asidi ya anakadi na kadoli, ambazo huunguza ngozi, na jeraha likipona seli za rangi zilizochokozwa huacha weusi. Ngozi yetu ikichomwa upya kwa asidi kali, tena ya mtu ambaye kesho anarudi kubangua, inaweza kuzidisha weusi huo au kuota kovu la kuvimba. Sindano ya glutathayoni nayo haichagui baka: huzunguka mwili mzima, na matumizi yake ya kung'arisha ngozi yamehusishwa na madhara ya ini na figo. Mimi nisingeikubali hata bure.

Kijana huyo ana nafasi yake, nayo si ndogo. Daktari akishuku kwamba baka ni fangasi, ataagiza ngozi ikwaruzwe kidogo, na mtaalamu wa maabara ndiye atakayeitazama kwa hadubini. Majibu yake yanaweza kugeuza tiba yote.

Kwa sasa vaa glavu unapobangua, nawa kwa sabuni kabla ya kugusa uso, na likinge shavu na jua, maana weusi wa juujuu hufifia wenyewe kwa miezi kadhaa mafuta yasipoendelea kuligusa. Epuka pia krimu zisizo na lebo, kwani nyingine huwa na zebaki. Usipoona nafuu, nenda hospitali ya wilaya uombe rufaa ya kwenda kwa daktari wa ngozi, na umweleze wazi kwamba unabangua korosho.