Re: Puerto Viejo, Costa Rica, siku nne zinatosha?

Mkuu zinatosha kabisa, ila utaondoka roho inauma. Basi toka San José, mji mkuu, ni kama masaa manne na nusu, ukishashuka tu kodi baiskeli maana huko ndo usafiri wenyewe, barabara ya pwani inakupeleka Cocles, Punta Uva (hapa ndo pa kuogelea) mpaka Manzanillo. Salsa Brava, lile wimbi la kuteleza juu ya maji, waachie wenye mbao zao, chini ni miamba mitupu.

Sasa misosi! Wenyeji wengi ni wajukuu wa Wajamaika walioletwa kujenga reli karne ya 19, wazee bado wanaongea Kiingereza chao cha visiwani. Wali na maharage wanapika kwa tui la nazi, mtu wa Tanga atahisi yuko kwao. Tafuta rondón, mchuzi wa nazi wenye samaki, muhogo na ndizi, na pilipili mbuzi nzima inaelea juu, usiipasue aisee, mi niliipasua nikalia mbele za watu.

Wabribri, wenyeji wa asili wa huko, nao wako jirani, nenda ukaone wanavyosaga kakao. Miezi mizuri huku upande wa Karibiani ni Septemba na Oktoba, upande wa Pasifiki ndo unalowa wakati huo.