Maswali Yenu: Nimeweka Filta, Vitu Vyote Vimepotea

Meseji za safari hii karibu zote zinauliza kitu kimoja kwa sura tofauti: mtu kaingia duka la mtandaoni, kaweka tiki kwenye vile vibox vya pembeni vya kuchuja bidhaa (ndo filta zenyewe), halafu kaletewa vitu vya ajabu au hajaletewa kitu kabisa. Nimechagua nne, na ya gari nimeipa nafasi kubwa maana hapo ndo hela nyingi zinapotea.

SWALI: Habari za kazi. Nimejichanga nataka kuagiza Toyota IST kutoka Japani. Nikiweka bei mwisho dola 2,000 naziona nyingi tu, ila nikifungua moja moja hesabu inapanda mpaka tatu na kitu. Nikasema basi nichague vizuri, nikatiki rimu za sport, kamera ya nyuma, keyless (ile ya kuwasha bila kuchomeka funguo), na mwaka. Zikabaki gari mbili na zote rangi siitaki. Hizi filta zinafanyaje kazi jamani? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Kaka, hongera kwa kujichanga. Tuanze na bei. Kwenye tovuti nyingi za magari ya Japani ile bei unayoiona mwanzo ni FOB, yaani bei ya gari mpaka inapakiwa melini kule kule Japani, nauli ya kuja huku haimo. Ukiona C&F ujue wameshaweka na nauli ya meli mpaka bandarini, na CIF ni hiyo hiyo wameongeza bima. Sasa filta yako ya dola 2,000 ilikuwa inachuja kwa FOB, na wewe kichwani ulikuwa unawaza gari iko Dar. Kabla hujagusa kitu chochote chagua nchi na bandari, Tanzania, Dar es Salaam, tovuti nyingi zina hiyo sehemu juu kabisa, ukishachagua zitakuonyesha bei mbili, ya gari peke yake na ya jumla, wewe panga kwa hiyo ya jumla. Na hapo kodi bado, usije ukachanganya. TRA, yaani mamlaka ya mapato ya Tanzania, wana kikokotoo chao mtandaoni cha magari yaliyotumika, unajaza aina, modeli, mwaka na cc (ukubwa wa injini) kinakupa makadirio. Fanya hivyo kabla hujaipenda gari, maana ukishaipenda hesabu huwa haziingii tena.

Haya, tiki sasa. Ukitiki vitu viwili ndani ya kundi moja, mfano rangi nyeupe na rangi silva, duka linasoma "nyeupe AU silva", kwa hiyo gari zinaongezeka. Ukitiki kwenye makundi tofauti, rangi nyeupe na mwaka 2005, linasoma "nyeupe NA ya 2005", zinapungua. Hiyo ni kwa maduka karibu yote, iwe magari iwe vitenge. Ila vile vibox vya vikorokoro, kamera, rimu, keyless, japo viko kundi moja mara nyingi vinasomwa kwa NA, yaani gari iwe navyo vyote kwa pamoja, ndo maana zako zikabaki mbili.

Na kuna jambo kubwa zaidi ambalo naona watu wengi hawalijui: filta haioni gari. Inasoma fomu aliyojaza muuzaji. Kama gari ina kamera ya nyuma lakini yule aliyekuwa anajaza alichoka, ana magari mia ya kuingiza siku hiyo, akaruka kile kibox, basi kwa filta gari hiyo haina kamera, itafichwa na wewe hutojua kama ilikuwepo. Kwa hiyo ushauri wangu, tumia filta kwa vitu ambavyo muuzaji hawezi kuviacha wazi: modeli, mwaka, cc, gia, bei. Hivyo vingine vyote tafuta kwa macho kwenye picha. Kilomita nazo kuwa nazo makini, anayeweka mwisho 100,000 anaikosa ya 101,500 iliyotunzwa vizuri kuliko zote, weka 120,000 ndo uanze kuchagua.

Mwaka nao una mtego. Kuna mwaka wa kutengenezwa na kuna mwaka wa kusajiliwa mara ya kwanza, na havifanani kila wakati. Angalia filta yako inachuja kwa upi. Hili ndugu zetu wa Kenya linawauma zaidi, maana kule gari iliyozidi miaka 8 tangu isajiliwe mara ya kwanza hairuhusiwi kuingia, sisi huku inaingia ila uzee unaulipia kwenye ushuru.

La mwisho kwako, mafundi wanalijua siku nyingi: badala ya kuandika "IST" tu, andika code ya chesesi, yaani zile herufi na namba za mwanzo zinazotaja aina ya gari na injini. IST za kwanza, zile za 2002 mpaka 2007, NCP60 ni injini ya 1.3, NCP61 ni ya 1.5, NCP65 ni ya 1.5 four wheel. Ukiandika NCP61 kwenye kisanduku cha kutafutia unapata NCP61, hakuna cha kuchuja, na code hiyo hiyo ndo utakayoitumia ukienda kutafuta spea, kwa hiyo ikariri mapema.

SWALI: Niaje, mimi niko Mombasa. Nilisearch simu ya Samsung A15 nikapanga bei kutoka chini kwenda juu, nikapewa makava na protekta kurasa nzima nzima, simu yenyewe sikuiona. Nikatafuta za kampuni nyingine nikatick RAM 8GB, kufungua ndani nakuta 4GB. Huu si wizi? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: La makava si wizi. Umechanganya kupanga na kuchuja tu ndugu yangu. Kupanga, pale palipoandikwa "Sort by", hakuondoi kitu hata kimoja, kunabadilisha foleni tu nani akae mbele. Na kava la A15 lina maneno "Samsung A15" kwenye jina lake, kwa hiyo kwa duka hilo nalo ni jibu sahihi kabisa, na kwa sababu ni rahisi kuliko simu likakaa mbele. Dawa yake ingia kwanza kategoria ya simu zenyewe ndipo uandike jina, au weka bei ya chini kabisa, mfano isishuke shilingi 8,000 za kwenu, makava yote yanajiondokea yenyewe. Watu wanakumbuka kuweka bei ya juu tu, ile ya chini wanaiacha wazi wakati ndo inayofagia takataka.

RAM hiyo nyingine bwana, nakuunga mkono nusu. Simu nyingi za bei nafuu siku hizi zinatangazwa 8GB wakati RAM halisi ni 4GB, hiyo 4 nyingine inakopwa kwenye storeji ya simu na mwendo wake haufanani na RAM ya kweli. Muuzaji akajumlisha 4+4 akajaza 8 kwenye fomu, filta ikaamini. Soma maelezo ya ndani, ukiona alama ya kujumlisha jua RAM yako ni ile namba ya kwanza, na ukiona maneno "up to" jua namba hiyo huenda imejumlishwa. Mimi nikiulizwa ningesema maduka yawalazimishe wauzaji kujaza RAM halisi peke yake, lakini sijaulizwa.

Na usipange kwa nyota. Kitu chenye nyota tano kwa mtu mmoja aliyekipima kinaweza kukaa mbele ya chenye 4.6 kwa watu mia nane. Panga kwa kilichonunuliwa zaidi kama duka lina hiyo, halafu nyota uzisome mwenyewe.

SWALI: Assalaam alaykum. Mie Mzanzibari naishi Maskati. Natafuta abaya mtandaoni, saizi yangu ya nguo ni M, nikichagua M hutoka chache mno na mbovu, nikiandika baibui ndo kabisa sipati kitu. (Msomaji, Maskati)

JIBU: Waalaykum salaam dada yangu. Abaya nyingi za huko huuzwa kwa urefu kwa inchi, 52, 54, 56, 58, 60. Jipime kutoka begani mpaka kwenye kifundo cha mguu, ikija 56 basi saizi yako ni 56, hiyo M iache kwa magauni. Ukichagua M unabaki na wale wauzaji wachache waliojaza kwa herufi, wote waliojaza kwa namba umewafukuza. Viatu nao ni hivyo hivyo, kiatu cha kiume cha namba 42 kwa mwingine kimeandikwa 8 ya Uingereza, ukitiki 42 tu hukioni, tiki zote mbili.

Na kwenye kuandika, duka linalinganisha maneno yako na maneno ya muuzaji, na muuzaji wa huko hajui baibui, kaandika abaya. Andika maneno mawili matatu tu, "abaya black 56", usiandike sentensi. Ukiona "hakuna matokeo" usihame duka, punguza neno moja moja.

SWALI: Nataka kuanza kuleta mizigo China niuze Kariakoo. Naona bei dola 0.80 hadi 4.50 kwa kitu kimoja, na MOQ 500. Ni bei gani sasa? (Msomaji, Dar)

JIBU: Zote mdogo wangu. 0.80 ni ya anayechukua maelfu, au ya kile kipande kidogo kabisa ndani ya tangazo, 4.50 ndo inaweza kuwa yako. MOQ ni idadi ya chini anayokubali kukuuzia. Alibaba, lile soko la mtandaoni la China, kuna sehemu ya kujaza hiyo namba, nayo inachuja kwenda chini: ukiandika 50 unaletewa wanaokubali pungufu ya hapo, kwa hiyo usijaze idadi unayoiota, jaza unayoweza kulipia leo. Halafu omba sampuli, na uliza katoni moja ina CBM ngapi (mita za ujazo, yaani nafasi inayochukua), maana watu wa meli hawatakutoza kwa uzuri wa bidhaa.

Kuna watatu pia wameuliza neno "Sponsored" linaloandikwa kwa maandishi madogo juu ya bidhaa za mwanzo. Muuzaji kalipia akae hapo. Teremka chini.